Jibu: Samsung inafunguka, Huawei inagoma

Salama mkuu. Unauliza kwa nini programu yako inakwenda vizuri kwenye Samsung lakini kwenye Huawei Mate 30 inajifunga ukigusa kitufe cha "Nilipo" kinachoonyesha mahali ulipo, na kama hiyo maana yake haijakidhi vigezo vya Android.

Anza na huduma za Google (Google Play Services), ambazo programu nyingi huzitumia kupata mahali na kutuma arifa. Hizo si sehemu ya Android huria (ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote), huongezwa juu yake kwa leseni, na Mate 30 ilitoka 2019 bila hizo. Programu inayozitegemea imekidhi vigezo vya simu zenye Google tu, si vya jukwaa zima.

Mimi tatizo hili lilinikwamisha siku mbili. Chomeka simu kwenye kompyuta, fungua logcat (kumbukumbu ya yanayotokea ndani ya simu), gusa kitufe kile, kisha tafuta "FATAL EXCEPTION", yaani kosa lililoiangusha programu. Kwangu, chini yake iliandikwa kwamba LocationServices.API, huduma ya mahali ya Google, haipatikani. Dawa yake: kwenye msimbo wako, iulize simu kwanza kupitia GoogleApiAvailability kama huduma za Google zipo; zisipokuwepo, tumia LocationManager, njia ya kupata mahali ya Android yenyewe. Inachelewa kidogo kupata mahali, hasa ndani ya nyumba, lakini programu haianguki.

Arifa nazo zikague, maana Firebase Messaging, huduma ya Google ya kutuma arifa, inategemea huduma hizohizo. Ukikwama, bandika hapa mistari kumi ya logcat tuitazame.