Malaika si wa Boney M, ndugu yangu

We unayesema Malaika ni wimbo wa Boney M, ile bendi ya disko ya Ujerumani, pole sana, wale walikuja kuuchukua 1981 wakati wimbo ushazeeka tayari. Aliyeurekodi kwanza na ukajulikana ni Fadhili William wa Kenya na bendi yake Jambo Boys, miaka ya 60 mwanzoni, halafu Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, akaupeleka Marekani, uko kwenye ile albamu yake na Mmarekani Harry Belafonte ya 1965 na albamu yenyewe ikapata tuzo ya Grammy. Angélique Kidjo wa Benin naye akauimba 1991. Nani aliutunga hasa? Hapo usianze, watu wanagombana mpaka leo, kuna Mtanzania Adam Salim alisema ni wake aliutunga 1945, Fadhili naye mpaka anakufa 2001 anasema ni wake.

Kwa nini hauchoki? Mi naona ni ile shida yenyewe bana, kijana anampenda mtu lakini mfuko mtupu, hana cha kuolea. Sasa mwambie hivo kijana wa Kampala anayehangaikia kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe na mahari, ng'ombe, magomesi (yale magauni) ya wakina mama, soda kreti kwa kreti, uone kama hatalia! Alafu Kiswahili chake chepesi, hata shangazi yangu wa Jinja ambaye Kiswahili anasema cha kuokoteza hivihivi anauimba wote harusini, tena kwa sauti. Ile ya Boney M ni ya kudansi tu, mi nipe ya Makeba.