Kuratibu maboresho ya mashtaka Lindi na Mtwara kwa pesa ya mfadhili: anza na jalada

Mkuu, umeuliza hivi: umepangiwa kuratibu kipengele cha mashtaka kwenye mradi wa haki jinai unaofadhiliwa kutoka nje, mikoa yako ni Lindi na Mtwara, bajeti ya mwaka wa kwanza ina mafunzo manne, gari moja na kompyuta kadhaa, uanzie wapi? Waliotangulia kukujibu wamesema uitishe kikao cha wadau. Kikao kisubiri. Ukikiitisha sasa kila mtu atakuja na orodha ya vifaa, na wewe hutakuwa na cha kumjibu. Nenda kwanza kwenye masijala ukaangalie majalada yanalala wapi.

Elewa kwanza unaratibu nini. DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, yuko kwenye Katiba, ibara ya 59B, na Sheria ya Huduma za Mashtaka ya 2008 inampa pia jukumu la kuratibu upelelezi. Februari 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikatenganishwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Kabla ya hapo, na kwa sehemu nyingi hata baada, kesi za mahakama za wilaya ziliendeshwa na polisi, halafu mawakili wa Serikali wakazipokea hatua kwa hatua. Ni jambo jema, ila lina gharama yake. Zamani mpelelezi na mwendesha mashtaka walikaa jengo moja, jalada lilivuka korido tu. Sasa linavuka taasisi, pengine linavuka wilaya. Polisi wako Mambo ya Ndani, mashtaka yako Katiba na Sheria, daktari anayejaza PF3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeruhi) yuko chini ya halmashauri, Mkemia Mkuu yuko Afya, Mahakama ni mhimili mwingine kabisa. Mfadhili kwa kawaida anasaini na mmoja au wawili kati ya hao. Pesa inaingia upande mmoja wa mto, jalada limekwama upande wa pili.

Kwa hiyo wiki tatu za mwanzo chukua majalada 100. Nusu yawe yaliyofungwa ndani ya miaka miwili iliyopita, nusu yawe hai, na usiyachague wewe: chukua kila la kumi kwenye rejista. Hakikisha Liwale, Nanyumbu na Kilwa zimo, maana ukichukua ya Mtwara mjini tu utapata picha nzuri ya uongo. Kila jalada liandikie tarehe hizi: tukio kuripotiwa, mtuhumiwa kukamatwa, jalada kufika kwa wakili wa Serikali, kurudishwa polisi, kurudi tena (mara zote, siyo ya mwisho tu), hati ya mashtaka kusajiliwa, hoja za awali, shahidi wa kwanza, hukumu. Pembeni weka safu moja ya sababu ya kurudishwa, iandike kwa maneno yaleyale ya wakili. Ongeza safu ya sababu za kuahirisha, na ya mashahidi walioitwa na waliofika. Usiweke majina. Ruhusa ya kuyaona iombe kwa maandishi kwa mkuu wa mashtaka wa mkoa na RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa), wote wawili, siku moja. Ukianza kwa mmoja, mwingine atahisi anakaguliwa.

Kazi hiyo haihitaji mshauri elekezi. Karani mmoja makini na daftari la mistari, au lahajedwali ukipenda, vinatosha.

Sasa angalia jalada moja kwa karibu, la aina utakayoikuta mara nyingi: kosa la kujamiiana dhidi ya mtoto, kijijini, mbali na makao ya wilaya. Ndani kuna maelezo ya mlalamikaji, ya mama, ya mtendaji wa kijiji. Kuna PF3, lakini jina la aliyeijaza halisomeki na hayumo kwenye orodha ya mashahidi. Umri umeandikwa "miaka 13" kwenye maelezo ya mama, hakuna cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo wala kadi ya kliniki, na mama hajaulizwa mtoto alizaliwa lini. Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa (anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake) yameanza kuandikwa saa 10 jioni, na hati ya ukamataji inasema alikamatwa saa 3 asubuhi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za msingi za kumhoji mtu, zaidi ya hapo ziongezwe kwa utaratibu wake. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, ni kweli, lakini nani ameandika kwamba walikaa njiani saa tano wakisubiri gari la mizigo? Hakuna. Wakili analirudisha jalada likiwa na mistari minne ya maelekezo. Linapanda basi, linapokelewa na koplo ambaye mpelelezi wake amehamia mkoa mwingine, na huko linakaa. Mahakamani wanasikia ile sentensi ambayo kila mahabusu anaijua kwa moyo: upelelezi haujakamilika.

Ona kwamba kasoro zote hizo zingezibwa kituoni ndani ya saa moja na bila shilingi ya mtu. Semina ya siku tano hotelini Mtwara mjini haizigusi, kwa sababu mhusika ni koplo wa Liwale, na aliyepelekwa semina ni mkubwa wake.

Kinachofanya kazi ni karatasi ya ukurasa mmoja inayobandikwa ndani ya gamba la jalada, moja kwa kila kundi la makosa: ya kujamiiana, wizi na unyang'anyi, dawa za kulevya, nyara za Serikali kama meno ya tembo. Maswali yasizidi 15, ya jibu fupi, kwa Kiswahili. Umri umethibitishwa kwa ushahidi gani? Aliyejaza PF3 ni shahidi namba ngapi? Saa ya kukamatwa, saa ya kufika kituoni, saa ya kuanza kuhoji? Hati ya upekuzi imesainiwa na mwenye nyumba na shahidi? Kielelezo kina lebo, na kila aliyekishika ameandikwa? Iandikeni pamoja, wapelelezi watatu na mawakili wawili, mchana mmoja. Ikiletwa tayari kutoka Dodoma au kwa mtaalamu wa mfadhili, itabaki kwenye boksi.

Upande wa mashtaka nako kuna uchafu wake, usiwaelemee polisi peke yao. Hati ikishapokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani. Isiposomwa, mahakama ya rufani inaiondoa kwenye ushahidi, na kesi iliyochukua miaka inaanguka kwa jambo la dakika tano. Vivyo hivyo hati ya mashtaka inayotaja kifungu kisichohusika, au tarehe ya tukio isiyolingana na ushahidi na hakuna aliyeomba kuirekebisha. Hapa ndipo mafunzo yana maana, ila yafanyike ofisini, nusu siku, kwa kutumia hukumu ambazo ofisi hiyohiyo imezipoteza kwenye rufaa. Yanauma kidogo, lakini watu hawasahau. Na fundisha kituo kizima. Ukifundisha mtu mmoja mmoja, uhamisho utakurudisha mwanzo.

Kuhusu muda, vifungu viwili uvijue kama namba yako ya simu (nataja namba zilizozoeleka, kagua toleo la marejeo ulilonalo). Kifungu cha 225 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinazuia kesi iliyoko kwenye upelelezi kuahirishwa zaidi ya siku 60 bila cheti, kwanza cha RCO, halafu ngazi za mashtaka zinazofuata, na kuna makosa yaliyotolewa nje ya ukomo huo. Cha pili ni 131A, kilichoingia kwa mabadiliko ya 2022: kesi isifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa makosa makubwa na yale ya Mahakama Kuu. Matokeo yake msongamano haujaisha, umehama. Zamani ulionekana gereza la mahabusu, sasa sehemu yake iko kituoni na kwenye dhamana za polisi ambazo hakuna anayezihesabu. Kama mradi wako unapima idadi ya mahabusu peke yake, utaandika ushindi ambao haupo.

Nikifika kwenye vipimo, hapa ndipo utagombana na mfadhili, na gombana mapema, wakati mpango kazi bado rasimu. Watataka asilimia ya kesi zilizoshinda. Kataa kwa adabu. Kipimo hicho kinamfundisha wakili kuziacha kesi ngumu, na kesi ngumu mara nyingi ni za watoto na wanawake. Pia kinamsukuma kwenye makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu ulioingia kwenye sheria mwaka 2019, hata pale ambapo hafai kuutumia. Wape badala yake: siku kutoka kukamatwa hadi maoni ya kwanza ya wakili, idadi ya mara jalada linavyorudishwa, sababu tatu kuu za kuahirisha, na mashahidi walioitwa dhidi ya waliofika. Vyote unavipata kwenye yale majalada 100, na baada ya mwaka unachukua mengine 100 kwa njia ileile.

Jambo lingine la kuliweka wazi siku ya kwanza: mfadhili haulizi kesi moja moja. Ibara ya 59B inasema DPP anakuwa huru na haingiliwi na mtu au mamlaka yoyote. Ofisa wa ubalozi mwenye nia njema akiuliza "ile kesi ya meno ya tembo imefikia wapi", jibu ni takwimu za kundi hilo la kesi, basi. Mwombe kiongozi wako aandike hilo kwenye makubaliano, kwa mstari mmoja. Bila maandishi ni wewe utakayeonekana mkorofi.

Kalenda sasa, na hii wengi wanaipuuza. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Wa Uingereza unaisha Machi 31, wa Marekani Septemba 30, wa Umoja wa Ulaya Desemba 31. Mfadhili wa Uingereza atakusukuma utumie pesa Februari na Machi, mvua zikiendelea na barabara za Liwale zikiwa tope. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata hata barabara kuu ya Dar es Salaam pale Somanga, Kilwa. Upande wa pili, kuanzia Oktoba shahidi wa Tandahimba au Newala yuko kwenye korosho: anaokota, anapeleka ghalani, anasubiri mnada na malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Ukimwita Novemba kwa nauli ya kurejeshewa baadaye, haji, na mimi simlaumu. Vikao vya Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara unaweza kuomba vipangwe kwa kuzingatia hilo. Naibu msajili ndiye mtu wa kuzungumza naye, na mpelekee orodha ya mashahidi kwa kijiji, siyo malalamiko. Julai hadi Septemba njia zinapitika na mavuno hayajakolea, lakini ndio miezi ambayo fungu la Serikali linachelewa kushuka. Pengo hilo la miezi miwili mitatu ndilo mahali halali pa pesa ya mfadhili: nauli ya shahidi ilipwe mkononi au kwa simu siku hiyohiyo.

Halali kwa muda, lakini. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 za mapitio, na miradi ikasimama katikati ya wiki. Kwa hiyo kila kitu cha kudumu, kama nauli za mashahidi, mafuta na karatasi za PF3, kiwekee mstari kwenye bajeti ya Serikali tangu mwaka wa kwanza, hata kama mstari huo una kiasi kidogo. Mstari uliopo huongezwa, ila usiokuwepo utaupigania upya kila mwaka.

Gari: kabla hujalipokea lenye namba za DFP (za magari ya miradi ya wafadhili), pata barua inayosema nani analipa matengenezo, tairi na dereva mradi ukiisha, na litabaki wilaya gani. Likikaa mkoani litakuwa gari la vikao. Kwa pesa ileile fikiria pikipiki kadhaa kwa wilaya za mbali, pamoja na kabati za chuma za kufungwa kwenye stoo za vielelezo. Stoo nyingi zina kufuli moja na funguo wanazishika watu watatu, halafu tunashangaa bangi imepungua uzito.

Masurufu, yaani pesa ya kazi uliyopewa kabla, yarejeshwe yote kabla ya kuomba mengine, hilo unalijua. Usilolijua pengine ni kwamba mkaguzi wa mfadhili anachukua karatasi ya mahudhurio na kupiga simu namba kumi hivi za kuokoteza. Namba mbili zikijibu "mimi sikuwepo", utarejesha pesa ya semina nzima.

Kikao cha wadau kiitishe mwezi wa tatu, ukiwa na karatasi moja ya matokeo ya yale majalada 100. Kama tayari kuna kamati ya kusukuma mashauri inayoongozwa na mahakama, usianzishe nyingine ya mradi. Omba nusu saa kwenye ajenda yao. Safu ya sababu za kurudisha majalada isomwe kwa sauti, bila kutaja kituo wala ofisa. Kila mtu atajua yake ni ipi.