Wacheni kukariri namba za Brodmann, anzeni na seli

Wadogo zangu mnaosoma anatomia ya ubongo, kila muhula nawaona mnatembea na ile ramani ya ubongo ya Brodmann, ambayo kila eneo lina namba yake, mnaimba nne misuli, kumi na saba macho, arobaini na moja masikio, afu mtihani ukiisha zote zimeyeyuka. Mimi nafundisha hii kitu kwenye slaidi za hadubini na ushauri wangu ni huu: hiyo picha wekeni pembeni kwanza, jifunzeni kusoma matabaka ya seli.

Maana namba zenyewe hazikusaidii kitu. Korbinian Brodmann, daktari Mjerumani aliyekuwa anafanya kazi Berlin, alitoa ramani yake 1909, na sehemu alizipa namba kadiri alivyokuwa anakutana nazo, ndo maana pale kwenye hisia za ngozi ukitoka mbele kwenda nyuma unakuta 3, 1, 2, na ndo maana 13 hadi 16 huzioni kwenye ramani yake ya binadamu, hizo ni za wanyama wengine aliowachunguza. Sasa we unatafuta mpangilio hapo wa nini?

Alichokuwa anaangalia ni seli. Anakata ubongo vipande vyembamba, anapaka rangi ya Nissl ambayo inashika mwili wa seli na kuacha nyuzi, afu anatazama kwa hadubini pale muundo unapobadilika. Gamba la ubongo, yani sehemu yake ya juu kabisa, sehemu kubwa lina matabaka sita kuhesabu kutoka nje kwenda ndani, na ukishika tabaka la nne na la tano tu, kazi kubwa umemaliza.

Anzeni kisogoni, eneo la 17. Hapa tabaka la nne ni nene mpaka limegawanyika, na kuna mstari mweupe unaouona kwa macho tu bila hadubini, ambao Francesco Gennari aliuona Parma, Italia, 1776 akiwa bado mwanafunzi (mwanafunzi jamani, na nyie mnalalamika maabara inanuka). Ufuate huo mstari kwa kidole, pale unapokatika ghafla ndo 18 inaanza, na kwa maoni yangu hakuna mpaka mzuri wa kujifunzia kama huo.

Kisha ruka mpaka eneo la 4, la misuli, mwishoni kabisa mwa sehemu ya mbele ya ubongo kabla ya zile 3, 1, 2. Tabaka la nne karibu halipo kabisa, ila tabaka la tano lina seli kubwa za pembetatu, zile za Betz, huwezi kuzikosa. Sogea mbele kidogo, tabaka la nne bado hakuna lakini hao wakubwa wamepotea, hiyo ni 6. Kwenye sehemu ya matamshi, 44 ina tabaka la nne jembamba lililokatikakatika, 45 linaonekana vizuri. Yani umeshatofautisha maeneo manne kwa maswali mawili, tabaka la nne likoje na la tano lina seli kubwa au hapana, na mwanafunzi anayejua hivi hata ukimfunika namba anakujibu.

Kingine, msiamini ile mistari ya rangi kwenye vitabu kama mipaka ya shamba. Mpaka wa seli mara nyingi haufuati mkunjo unaouona kwa nje na unatofautiana mtu na mtu. Kule Jülich, Ujerumani, timu ya Katrin Amunts na marehemu Karl Zilles walipima kila eneo kwenye bongo kumi, wakatoa ramani ya uwezekano, yani hapa kuna asilimia kadhaa ya kuwa 44. Kwahiyo programu ya MRI ikikuandikia eneo la 44 ujue inakisia kutokana na umbo, MRI ya kawaida ya hospitali haioni seli hata moja.

Na kama chuo chenu slaidi zimefifia, ingieni BigBrain, ni ubongo mmoja uliokatwa vipande zaidi ya 7,400 na kuchapishwa 2013, unaangaliwa bure mtandaoni. Nendeni moja kwa moja kisogoni mkatafute pale 17 inapoishia, ila tumieni kompyuta ya maabara maana kwa simu bando litaisha hamjafika popote.