Bei ya Gari Mmekubaliana? Bado Kuna Meza ya Makaratasi

Wengi wetu tukienda kununua gari jipya hujiandaa kwa ajili ya muuzaji. Tunalinganisha bei, tunazunguka, tunajifunza kuaga na kuondoka. Bei ikipatikana tunashusha pumzi, na hapo ndipo tunapopelekwa kwa ofisa wa mikopo, mtu mpole mwenye rundo la fomu. Kwa niliyoyaona, huyu ni muuzaji hodari kuliko yule wa kwanza, maana anakukuta umechoka na moyo umeshahamia kwenye gari.

Swali lake la kwanza huwa: "Ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi?" Usilijibu. Ukishataja rejesho, mengine yote yatapangwa yalingane nalo: muda utarefushwa, riba itapanda, bima usiyoiomba itaingia, na rejesho litabaki lile lile ulilotaja kwa mdomo wako. Mimi huomba nitajiwe jumla nitakayokuwa nimelipa siku deni linapokwisha. Utashangaa ni maofisa wangapi hawana jibu la haraka.

Chukua kila 100 unayokopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi. Ukilipa kwa miaka 3 utarudisha kama 116. Kwa miaka 5, 127 na ushei. Asilimia 10 hiyo hiyo ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo kwa miaka 5, bila kujali umeshapunguza kiasi gani, utarudisha 150. Karatasi zote mbili zimeandikwa asilimia 10, ila ya pili ukiipima kwa salio linalopungua inazidi asilimia 17! Kwa hiyo kuuliza riba ni ngapi hakutoshi. Uliza inakokotolewa juu ya nini.

Ndiyo maana mimi huenda dukani na ofa ya mkopo kutoka benki yangu, iliyoandikwa. Si lazima niitumie. Gari ninaloendesha sasa, ofisa alinitajia riba yake, nikamwonyesha barua, akaingia ofisi ya ndani na kurudi na riba iliyo chini ya zote mbili. Hakuna aliyenuna. Maduka mengi hupata kamisheni kwa mkopeshaji, kwa hiyo riba inayotajwa kwanza mara nyingi ina nafasi ya kushuka.

Kisha zinakuja nyongeza: bima ya mkopo, dawa ya kukinga rangi, waranti ya ziada. Zote "ni hela ndogo tu kwa mwezi". Uliza ipi ni sharti la mkopo na ipi ni hiari, na uombe bei kamili ya kila moja. Mkopeshaji anaweza kudai bima kubwa ya gari, ile inayolipia hata hasara ya gari lako mwenyewe, sawa, lakini ulizia kama unaruhusiwa kuinunua kwingine. Waranti ya ziada ndiyo inayonikera zaidi. Gari jipya huja na waranti ya mtengenezaji, na mara nyingi hii ya ziada huanza kazi ile ikiisha. Ukiiweka ndani ya mkopo, unalipia riba kitu ambacho hutakigusa kwa miaka kadhaa.

Kwenye kusaini nina ukaidi wangu. Namba ya chasisi naisoma kwenye gari lenyewe, si kwenye nakala. Fomu yenye nafasi tupu siisaini. Ahadi ya mdomo, hata ya kapeti za sakafuni, iandikwe. Natafuta pia kifungu cha kumaliza deni mapema, maana baadhi ya mikataba hutoza faini, na naangalia kama rejesho la mwisho si kubwa kupita mengine.

Usilitoe gari dukani kabla mkopo haujaidhinishwa kwa maandishi. Wapo waliopigiwa simu baadaye wakaambiwa ombi limekataliwa, warudi wasaini riba ya juu zaidi.

Na akikwambia ofa inaisha leo jioni, omba nakala ya mkataba uende nayo nyumbani ukaisome. Akikataa kukupa, toka.