Jibu: Kiwanja cha Diani kwa jina la kijana

Dada, umeuliza kwa nini yule mama Mjerumani, mpenzi wa mdogo wako, anataka kiwanja cha Diani, pwani ya Kenya, kiandikwe jina la kijana huyo, na kama kuna mtego. Mara nyingi sababu ni sheria: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, haimruhusu mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja, hukodishiwa tu, isizidi miaka 99. Penzi likivunjika ndipo kesi huanza: nani alitoa pesa, hati ina jina la nani. Kila mmoja atafute wakili wake, wasichangie mmoja. Umri wao usikusumbue, wote ni watu wazima. Na wakioana, uraia wa Kenya kwa huyo mama hauji kesho. Ndoa lazima ifikishe miaka 7.