Mwani na Vitamini kwa Miche ya Viungo

SWALI: Ninaotesha mrihani, giligilani na zaatari katika trei. Nimeambiwa kwamba unga wa spirulina au klorela, pamoja na vitamini B1 na C, huharakisha ukuaji wa miche. Je, ni kweli, na vitumiweje?

JIBU: Ndugu msomaji, mwani huu wa hadubini unastahili kujaribiwa, lakini ufahamu kwanza unachompa mche. Ndani yake mna amino asidi (vijenzi vya protini) na vichocheo vya ukuaji wa mimea vya jamii ya auksini na sitokinini, ambavyo hata kwa kiasi kidogo sana huathiri uotaji wa mizizi na mgawanyiko wa seli. Hata hivyo, sehemu ya ukijani utakaouona hutokana na naitrojeni tu: takriban asilimia 60 ya spirulina kavu ni protini, kwa hiyo gramu 1 katika lita 1 ya maji hubeba karibu gramu 0.1 ya naitrojeni, nayo huwafikia miche polepole, kadiri vijidudu vya udongo vinavyoivunja protini hiyo. Klorela ina ukuta mgumu wa seli. Unga ambao seli zake hazikupasuliwa hutoa kidogo zaidi.

Anza na gramu 1 kwa lita baada ya majani halisi ya kwanza (yale yanayofuata majani ya mbegu) kuchomoza, chuja kwa kitambaa, kisha mwagilia siku hiyo hiyo. Masalia yakibaki juu ya udongo huoza, na unyevu wake hukaribisha kinyausi, yaani ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la mche karibu na udongo. Nakusihi usichote maji ya kijani bwawani badala ya unga, kwa sababu baadhi ya viumbe vyake hutoa sumu, ilhali viungo hivi huliwa vibichi.

Sifa ya vitamini B1 ilitokana na majaribio ya miaka ya 1930, ambapo mizizi ya njegere iliyokatwa na kukuzwa chupani ilishindwa kuendelea kukua bila vitamini hiyo. Mche mzima hujitengenezea B1 majanini na kuipeleka mizizini, hivyo sioni sababu ya kuinunua.

Vitamini C ina nafasi yake katika kuloweka mbegu, kwa miligramu 50 hadi 100 kwa lita, hasa pale maji au udongo una chumvi. Ichanganye wakati wa kuitumia, maana mwanga na hewa huiharibu upesi. Giligilani huvumilia kulowekwa. Mrihani hutoa ute unaozigandisha mbegu pamoja, basi uupande mkavu.

Katika kila trei, acha nusu ya miche ipate maji matupu, ili uone tofauti kwa macho yako.