Dunia Ikizima Taa, Mimi Nitanoa Visu

Ukianzisha mazungumzo ya siku dunia itakapoharibika, nitakuja wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Nayapenda mno. Wako wanaokesha wakibishana kuhusu mpira. Mimi nipe swali kama hili: umeme umekatika na haurudi, benki zimefungwa, simu imebaki kioo cha kujitazamia, maduka ni rafu tupu. Una nini cha kumpa jirani ili akupe chumvi?

Swali hilo niliwahi kulijibu kwa vitendo, kwa siku 11. Mafuriko yalibeba daraja, nguzo za umeme zikalala chini, mnara wa simu ukanyamaza, na mtaa wetu ukawa kisiwa. Kiama hakikuwa, kwa sababu sote tulijua ipo siku barabara itafunguka. Lakini siku 11 zinatosha kuona watu wanatafuta nini pesa inapokosa kazi, na niliyoyaona yaliipangua orodha yote niliyokuwa nayo kichwani.

Siku mbili za kwanza kila mtu aliishi kwa alichonacho. Ya tatu tukaanza nipe nikupe. Mwanzoni watu walitoka na vitu vya thamani kama tulivyozoea kuvihesabu: saa, simu nzuri, mapambo. Jirani mmoja alizunguka asubuhi nzima na mkufu wa dhahabu akitafuta mafuta ya taa. Kila mlango waliusifu, wakaupima uzito kiganjani, wakamrudishia. Mkufu haukatwi kipande kwa ajili ya kikombe cha mafuta, na mwenye mafuta hakuwa na pa kuupeleka. Jioni ile ile, mama mmoja mwenye pakiti ya sindano na roli chache za uzi alikuwa na foleni mlangoni. Maji yalikuwa yamerarua vyandarua, mikoba, magodoro, nguo na maturubai. Yule mama hakuuza sindano hata moja. Alikodisha: lete sindano ikirudi nzima, na chochote ulicho nacho. Ndani ya siku nne alikuwa na sabuni, mishumaa, kuni na kuku wawili. Sindano zake zote alikuwa nazo bado.

Nilikaa nikamtazama nikajiambia, huyu ndiye mwalimu.

Kwanza nianze na vitu, kwa kuwa ndivyo wengi wanavyofikiria kwanza. Kitu kizuri cha kubadilishana kina sifa tatu: kinagawanyika vipande vidogo, kinakaa muda mrefu bila kuharibika, na kikitumika kinaisha, kwa hiyo mtu atarudi tena. Chumvi ina zote tatu. Mwaka 1352 Ibn Battuta alipita Taghaza, katikati ya Sahara, akakuta nyumba zimejengwa kwa matofali ya chumvi, na akaandika kwamba huko kusini watu waliikata vipande na kufanyia biashara kama wengine wanavyotumia dhahabu na fedha. Matofali ya kununulia! Mpaka leo nikifungua pakiti ya chumvi huwa nayakumbuka.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa kambi za wafungwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwingereza R. A. Radford, aliyekuwa mfungwa huko Ujerumani, alichapisha mwaka 1945 makala kuhusu uchumi wa kambi. Wafungwa walipokea vifurushi vya Msalaba Mwekundu, wakabadilishana yaliyomo, na taratibu sigara ikawa pesa. Jamu, siagi, shati, kila kitu kilikuwa na bei yake kwa sigara. Jambo lililonifurahisha ni kwamba pesa hiyo ilikuwa ikivutwa. Vifurushi vikichelewa, watu walizidi kuwasha pesa yao usiku, sigara zikaadimika, na bei zikashuka. Vifurushi vikiingia kwa wingi, bei zilipanda tena. Uchumi mzima ndani ya ua mmoja wenye waya wa miiba.

Kwa hiyo ukitaka kuweka sanduku dogo chini ya kitanda, mimi ningeweka chumvi, sabuni za vipande, viberiti vilivyofungwa kwenye chupa kavu, sindano za ukubwa tofauti, uzi imara, mishumaa, viraka vya tyubu ya baiskeli na gundi yake, na miwani michache ya kusomea. Ndiyo, miwani. Watu wengi wakishavuka umri wa miaka 40 na kitu hawaoni vizuri vya karibu, na asiyeona tundu la sindano hashoni, hata umpe sindano bure. Tulikuwa na jozi moja mtaani, ya mzee mmoja mkarimu, ikizunguka nyumba kwa nyumba kama mgeni wa heshima.

Wahenga walisema akiba haiozi. Petroli inaoza. Ikikaa miezi mingi kwenye dumu inapoteza nguvu na kuanza kuziba mashine, kwa hiyo anayejaza stoo mapipa ya petroli ili awe tajiri siku hiyo anajaza hasara. Dawa ya klorini ya kufulia nayo hupungua makali mwezi hadi mwezi. Na mbegu uangalie: za chotara utapanda msimu wa kwanza ufurahi, lakini ukitunza mbegu za mavuno hayo upande tena, mimea haitafanana na mama yake. Weka mbegu za asili zinazozaa kilekile, na zihifadhi pakavu, pa baridi na pa giza.

Lakini sanduku lina mwisho. Nilikuwa na mishumaa 24 na niliingia kwenye biashara kwa kujiamini sana. Siku ya sita nilibaki na miwili. Kilichonivusha ni jiwe la kunolea visu, kinoo cha kawaida chenye pande mbili, nililokuwa nimenunua kwa ajili ya jikoni kwangu tu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ujuzi huu ningependa kila mtu awe nao. Kisu butu hukionei uchungu siku za kawaida. Pasipo umeme, mashine ya kusaga ikiwa imelala na kila kitu kinakatwa kwa mkono, kila nyumba inagundua kwamba visu vyake vimekufa. Loweka jiwe kwenye maji mpaka liache kutoa mapovu. Anza na upande wenye chembe kubwa. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kidogo tu, nyuzi 15 hadi 20. Kwa kisu cha kawaida cha jikoni, mgongo ukiinuka kiasi cha robo hadi theluthi ya upana wa kisu, hiyo ndiyo pembe ya kuanzia. Sukuma na kuvuta kwa upole bila kubadilisha pembe, ukihama kutoka mzizi wa kisu hadi ncha.

Kosa la wanaojifunza ni kugeuza upande mapema. Usigeuze mpaka ukipapasa kwa kidole upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje, uhisi kijimkwaruzo chembamba katika urefu wote wa makali. Huo ni utando wa chuma uliojikunja, ushahidi kwamba umefika ukingoni. Bila huo unalisha jiwe bure. Ukiupata geuza, fanya upande wa pili, hamia kwenye chembe laini, kisha maliza kwa kuburuta kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi mara kumi hivi. Kikikata karatasi bila kurarua, mrudishie mwenyewe. Jembe, panga na shoka havihitaji ustadi huo. Tupa ya kunolea inatosha, ukisukuma kwa upande mmoja tu na kuinyanyua wakati wa kurudi.

Visu viwili, mshumaa mmoja. Shoka, mzigo wa kuni. Mikasi ya fundi nguo, viraka vitatu. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yangu, na jiwe halikupungua hata unene wa ukucha. Halafu visu vinarudi kuwa butu, na wateja wanarudi navyo. Mwenye stadi ndogo inayohitajika kila wiki ana kisima. Kinyozi aliyekuwa na mashine ya mkono isiyotumia umeme alikula vizuri kuliko sote. Kijana anayeziba pancha, mtu anayejua kutengeneza utambi na taa ya kopo, anayeng'oa mwiba uliozama, anayejua kusuka kamba. Chagua moja unayoipenda ujifunze sasa, wakati kukosea hakugharimu kitu.

Kuna ujuzi mwingine wa aina hii ambao naomba usiufanyie biashara hata dunia igeuke juu chini: maji salama na maisha ya mtoto mgonjwa. Ujue na uufundishe bure. Maji yaliyochemka mpaka yanatokota kwa dakika 1 yanatosha. Ukiwa juu mlimani, zaidi ya mita 2,000 hivi, acha yatokote dakika 3. Kuni zikiisha, jua linafanya kazi. Chuja maji yawe maangavu, jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi isiyozidi lita 2, ilaze juani kwa muda wa saa 6. Anga likiwa na mawingu mengi, iache siku 2 mfululizo. Njia hii inaua vijidudu; haiondoi kemikali, kwa hiyo chota maji mbali na palipomwagika mafuta au dawa za shamba. Mtoto akiharisha, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, umnyweshe kidogo kidogo mara kwa mara. Siku ya tano binti mmoja wa miaka kama 14 aliyejua kipimo hicho alikitembeza mtaa mzima, akikikariri kama shairi. Nikimkumbuka mpaka leo moyo unajaa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo orodha nyingi za kujiandaa hazina. Mali kwa mali, mkono kwa mkono, inachosha. Mimi nataka kuni, mwenye kuni anataka uzi, mwenye uzi hataki kunolewa kitu. Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliieleza shida hiyo mwaka 1875: lazima wakutane watu wawili ambao kila mmoja ana kile ambacho mwenzake anakitaka, kwa wakati uleule. Tulipoteza siku nzima tukizunguka kutafuta bahati hiyo. Baadaye mwalimu mmoja mstaafu akatoa daftari.

Alikaa kivulini na kalamu. Fulani kampa fulani mzigo wa kuni, anamdai. Fulani kanolewa visu vitatu, anadaiwa. Mwenye uzi akanipa uzi bila kunidai mimi chochote, kwa sababu alijua atadai kwa mwenye kuni, na mwenye kuni atadai kwangu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile niliuelewa msemo huo kwa mara ya kwanza. Miaka baadaye nilisoma kwamba mwanaanthropolojia Caroline Humphrey aliandika mwaka 1985 kuwa hakuna mfano uliowahi kuelezwa wa jamii iliyoendesha uchumi wake kwa kubadilishana vitu papo kwa papo tu. Sikushangaa. Sisi wenyewe tulidumu nayo siku mbili.

Lakini daftari linataka watu wanaojuana. Huko Argentina, majirani wachache wa mji wa Bernal walianzisha klabu ya kubadilishana mwaka 1995, wakatumia vikaratasi vyao wenyewe kama hesabu. Uchumi wa nchi ulipoanguka mwaka 2001 na 2002, watu wengi mno walikimbilia klabu za namna hiyo, vikaratasi vya kughushi vikajaa, na imani ikapotea. Ndiyo maana ningeshauri daftari moja kwa nyumba zinazoweza kuitana kwa sauti, lisomwe hadharani kila jioni, na mwandishi awe mtu asiye na stoo kubwa. Deni lisivuke wiki moja bila kuguswa. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hayo yanavunja ujirani haraka kuliko njaa.

Adabu za sokoni ni chache. Kutaneni mchana, mahali pa wazi. Usitoe akiba yako yote mezani kwa mara moja. Mtu akija na hofu machoni, mpe kwanza maji akae, biashara baadaye. Mapatano yaliyofanywa kwa hofu hurudi kuwa ugomvi. Na toa nyongeza kidogo kila mara. Mimi kila nyumba iliyoleta visu vitatu niliinolea na mikasi ya watoto bure.

Usidharau burudani pia. Giza likiingia saa moja jioni na hakuna skrini, usiku ni mrefu ajabu. Pakiti ya karata yetu ilikuwa na mapungufu ya karata mbili, tukazichora kwenye boksi la kiatu, na kwa wiki nzima watu wazima walicheka hadi kushika mbavu. Mzee yule mwenye miwani alikuwa baharia zamani. Kila usiku alisimulia kipande kimoja cha safari, akakatiza pale meli inapoanza kuyumba. Kesho yake watu walikuja na kuni bila kuombwa.

Siku ya 12 lilifika daraja la muda, na umeme ukarudi alasiri. Mwalimu alisoma daftari mara ya mwisho. Ilibaki mistari minne ambayo haijafutwa, mmoja ukiwa wangu: mikasi miwili ya fundi nguo. Niliipitia jioni hiyo, taa zikiwa zinawaka mtaa mzima, nikainoa mlangoni kwake naye akinishikia jiwe lisiteleze.